JUA LA ELDORET NA NGOZI YA MWANADAMU

Maneno ya hotuba kwa wazazi, waalimu na wakulima wa Uasin Gishu

Mtu atokaye Mombasa akapanda mpaka Eldoret hufurahishwa na jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni hewa ya baridi. Kule pwani jasho humtoka hata akiwa ameketi kivulini. Huku Uasin Gishu aweza kutembea mchana kutwa katika shamba la mahindi au la ngano, na upepo ukampoza. Basi aghalabu mtu huyo husema ya kuwa jua la Eldoret ni jua dogo. Neno hilo si kweli, na wako watu walioumia kwa kulisadiki. Hotuba hii yaeleza kwa nini jua la mahali pa baridi laweza kuunguza kuliko jua la mahali pa joto, jinsi nuru hiyo hiyo ilivyotumiwa na madaktari kuponya wagonjwa, na ni nani apaswaye kukingwa nayo kuliko wengine wote.

MIALI ISIYOONEKANA

Nuru ya jua ifikayo duniani ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ile ionekanayo kwa macho, ambayo katika upinde wa mvua hugawanyika rangi kwa rangi, tangu nyekundu mpaka urujuani. Sehemu ya pili iko upande wa nje wa nyekundu. Haionekani, walakini ngozi huihisi kuwa ni joto. Sehemu ya tatu iko upande wa nje wa urujuani, nayo huitwa miali ya urujuanimno. Miali hii haionekani wala haihisiki. Mtu hawezi kujua kama imempata mingi au michache mpaka saa kadhaa zimekwisha pita, na ngozi imeanza kuwaka na kuuma. Ndiyo sababu haifai kupima ukali wa jua kwa joto lake, maana joto ni kazi ya miali mingine kabisa.

Wataalamu wameigawa miali ya urujuanimno katika mafungu matatu, A, B na C. Fungu la C huzuiwa lote na hewa ya juu, lisifike chini. Fungu la B ni dogo, kama sehemu 5 katika 100 ya miali ya urujuanimno ifikayo ardhini, nalo ndilo liunguzalo zaidi. Fungu la A ni zile sehemu 95 zilizosalia. Hupenya ndani zaidi, huzeesha ngozi, na hupita hata katika kioo cha dirisha.

Sasa Eldoret ina mambo mawili yaongezayo miali hiyo. La kwanza, mji uko karibu sana na mstari wa Ikweta, kama nusu ya digrii tu upande wa kaskazini. Kwa hiyo jua la mchana halikai mbali na utosi mwezi wo wote wa mwaka, na katika siku za mwisho za Machi na za Septemba hupita juu ya kichwa hasa. La pili, mji uko juu, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyembamba, na hewa nyembamba huzuia miali kidogo. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, miali ya urujuanimno huongezeka kama sehemu 10 katika 100. Kwa hesabu hiyo, siku iliyo safi Eldoret hupata miali zaidi ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika tano, ingawa mtu wa Mombasa ndiye atokwaye na jasho.

Tena mawingu si pazia la kutegemewa. Katika miezi ya mvua, tangu Aprili mpaka Agosti, watu wengi huacha kofia nyumbani kwa kuwa mbingu imefunikwa. Lakini wingu likiwa jepesi, hata sehemu 80 katika 100 za miali hiyo zaweza kupita.

KOFIA MBILI ZA WALOWEZI

Si jambo jipya watu kuliogopa jua la nyanda za juu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wengi wa Kizungu katika nyanda za juu za Kenya walisadiki ya kuwa nuru kali ya mahali palipoinuka karibu na Ikweta hupenya fuvu la kichwa na uti wa mgongo, ikaharibu mishipa ya fahamu na kumtia mtu wazimu. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alitoa kitabu mwaka 1905 kueleza habari ya madhara ya nuru ya nchi za joto kwa watu weupe, na maneno yake yalienea mbali. Kwa hofu hiyo walowezi walivaa kofia mbili za sufi, moja ndani ya nyingine, na wengine walishonesha kitambaa kinene mgongoni mwa shati ili kuukinga uti wa mgongo. Watoto wao walikatazwa kutoka nje bila kofia hata kwa dakika chache.

Baadaye ilionekana kuwa mafundisho yale hayakuwa na msingi. Miali ya urujuanimno haifiki kwenye ubongo wala kwenye uti wa mgongo. Huishia katika ngozi na katika macho. Kuzimia juani kunatokana na joto na upungufu wa maji mwilini, si kwa miali hii. Walakini kofia yenyewe haikuwa upuuzi. Ililinda masikio, pua na shingo, ambapo ndipo hasa miali huumiza watu wenye ngozi isiyo na weusi. Sababu waliyoitoa haikuwa ya kweli, lakini vazi lilikuwa la kufaa.

NURU ILIYOPONYA

Wakati walowezi walipokuwa wakiikimbia nuru, madaktari wa Ulaya walikuwa wameanza kuitafuta. Katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark, alikuwako daktari jina lake Niels Finsen, aliyezaliwa mwaka 1860. Wakati ule kifua kikuu kilishika watu wengi si mapafuni tu bali hata katika ngozi ya uso, kikala pua na mashavu, na mgonjwa akajificha asionekane na watu. Mwaka 1895 Finsen alianza kuwatibu wagonjwa hao kwa nuru ya taa kubwa ya umeme iliyokusanywa kwa vioo mpaka ikawa kali mahali padogo. Wengi walipona au walipata nafuu kubwa, na mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka uliofuata. Siku hizi kifua kikuu cha ngozi hutibiwa kwa dawa za kumeza, na taa ile imebaki katika historia. Lakini Finsen ndiye aliyefungua mlango.

Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wenye matege chini ya taa ya miali ya urujuanimno, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa yao ikirudia ugumu wake. Baadaye sababu ilijulikana: miali ya fungu la B ikigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo huuwezesha mwili kuchukua chokaa katika chakula na kuitia katika mifupa. Mtoto wa shamba achezaye nje hupata nuru hiyo bila mtu kumhesabia saa. Mtoto wa mjini afungiwaye chumbani tangu asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa wazazi wako kazini na nje hakuna uwanja, aweza kuikosa hata katika nchi iliyojaa jua. Tena ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe ili kutengeneza kiasi kile kile.

Liko na jambo la mbalanga, yaani mabaka meupe yatokeayo katika ngozi. Tangu zamani watu wa Misri walitumia mmea fulani uotao katika bonde la Nile, wakaupaka au wakaumeza, kisha wakakaa juani. Katika miaka ya 1940 daktari El Mofty wa Cairo aliichunguza dawa iliyomo ndani ya mmea huo na kuonyesha jinsi inavyofanya kazi pamoja na nuru. Toka hapo yakaja matibabu ya hospitali kwa mbalanga na kwa ugonjwa wa soriasisi, ambao hufanya ngozi kuwa na magamba mekundu yawashayo. Siku hizi hutumika zaidi taa zitoazo sehemu nyembamba tu ya fungu la B. Mgonjwa husimama mbele yake kwa muda uliopimwa, mara mbili au tatu kwa juma, na daktari huandika kila kipimo katika karatasi kama aandikavyo kipimo cha dawa.

Hapa yafaa kutoa onyo kwa akina mama. Mtoto mchanga akiwa na umanjano wa macho na ngozi, hospitalini huwekwa chini ya taa. Habari hiyo ilianza mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Uingereza, ambapo muuguzi Jean Ward aliona ya kuwa watoto waliotolewa juani walipungukiwa na umanjano. Lakini nuru iondoayo umanjano ni ile ya rangi ya buluu, ionekanayo kwa macho; si miali ya urujuanimno. Kumweka mtoto uchi juani kwaweza kumuunguza au kumtia baridi ya Eldoret, na wakati huo huo umanjano ukazidi. Umanjano ukizidi sana huharibu ubongo na masikio ya mtoto kwa maisha yake yote. Mama auonapo, ampeleke mtoto hospitali siku ile ile, asingoje jua la kesho.

Katika habari zote hizi fundisho ni moja. Nuru ya hospitali huponya kwa sababu imepimwa: muda wake wajulikana, umbali wake wajulikana, na ngozi ya mgonjwa imetazamwa kwanza. Jua la shambani halina mtu wa kulipima.

NGOZI ISIYO NA MWAVULI

Ndani ya ngozi mna weusi uitwao melanini. Weusi huo ni kama mwavuli uliokunjuliwa juu ya chembe hai za mwili. Miali ya urujuanimno ikipita bila kuzuiwa huharibu maandishi ya uhai yaliyomo katika kila chembe. Mwili husahihisha makosa mengi, lakini hauwezi kuyasahihisha yote. Nayo yaliyosalia hukusanyika mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja chembe huanza kuzaana bila mpango. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi.

Mtu mwenye ngozi nyeusi ana mwavuli mzuri, na saratani itokanayo na jua ni adimu kwake. Hata hivyo asidhani hana la kujilinda. Macho yake hayana melanini ya kutosha mbele yake, na jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho na uvimbe juu ya utando wa jicho. Tena ziko dawa, kama doksisaiklini, ambazo humfanya mtu aungue upesi akitoka juani. Na atumiaye mafuta ya kujichubua anautoboa mwavuli wake kwa mkono wake mwenyewe.

Walakini wako watu waliozaliwa bila mwavuli huo. Ni watu wenye ualbino, ambao zamani waliitwa kwa jina la dharau lisilofaa kutumiwa tena. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 9,729. Hali yao haitokani na laana, wala na kosa la mama. Mtoto huzaliwa na ualbino pale baba na mama wote wawili wanapochukua ile mbegu ya urithi, ingawa wao wenyewe ni weusi na hawana dalili yo yote. Kila mimba yao huwa na nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto wa namna hiyo. Mume amfukuzaye mkewe kwa sababu hii anamwadhibu kwa urithi ambao yeye mwenyewe ameutoa nusu.

Mtoto huyo aweza kusoma, kufanya kazi na kuzeeka kama watu wengine. Jaji Mumbi Ngugi, mwenye ualbino, aliingia katika Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2011. Bwana Isaac Mwaura aliingia Bungeni mwaka 2013, akiwa mbunge wa kwanza mwenye ualbino nchini. Lakini yako maisha mengine yasiyoandikwa magazetini. Katika Afrika ya Mashariki wako vijana wenye ualbino ambao saratani ya uso, ya sikio au ya shingo imewapata wakiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu. Wengi wao walichunga ng'ombe au walilima bila kofia tangu utoto. Jeraha lilianza likiwa dogo, kama kipele kisichopona, wakalipaka dawa ya dukani, na walipofika hospitali lilikuwa limekwisha kula mfupa. Vifo vya namna hii vyaweza kuzuiwa kwa vitu visivyo vya ajabu: kofia, shati, mafuta, na kuwahi.

MAMBO YA KUFANYA

Jambo la kwanza ni saa. Katika Eldoret jua halifiki kileleni saa sita kamili. Hufika baada ya hapo, yapata saa sita u nusu au zaidi kidogo. Miali huwa mikali tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Asiye na saa autazame uvuli wake: ukiwa mfupi kuliko yeye mwenyewe, miali ni mikali. Wakimbiaji mashuhuri wa kaunti hii wengi huanza mazoezi alfajiri. Mkulima mwenye mtoto wa ualbino naye ampangie kazi ya nje ya asubuhi mapema au ya jioni, na kazi ya ndani wakati wa mchana.

Jambo la pili ni mavazi, nayo hushinda mafuta. Kofia iwe na ukingo mpana kuzunguka pande zote, ili ifunike masikio na shingo. Kofia yenye ncha ya mbele tu huacha masikio wazi. Shati liwe la mikono mirefu na la kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Mtu akikiinua kitambaa mbele ya taa akaona nuru inapita katikati ya nyuzi, basi miali nayo hupita. Kitambaa chembamba kikilowa maji, kinga yake hupungua. Macho yavae miwani ya jua.

Jambo la tatu ni mafuta ya kukinga jua. Chupani huandikwa herufi SPF na namba. Namba 30 maana yake ni kwamba, yakipakwa ya kutosha, mafuta hayo hupitisha kama sehemu moja tu katika 30 ya miali iunguzayo. Lakini watu wengi hupaka kidogo mno, na hapo kinga hupungua sana. Yapakwe kwa wingi kabla ya kutoka, usoni, masikioni, shingoni na migongoni mwa mikono, kisha yarudiwe kila baada ya saa mbili. Mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi hayazuii miali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Serikali ya Kenya, kwa njia ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, imekuwa na mpango wa kuwapa watu wenye ualbino mafuta hayo bila malipo. Mzazi aulize katika hospitali ya Serikali iliyo karibu naye jinsi ya kumwandikisha mtoto. Jirani zao wa Tanzania nao wana kiwanda kidogo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kitengenezacho mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Jambo la nne lawahusu waalimu. Mtoto mwenye ualbino huona kwa shida, kwa hiyo aketi mbele karibu na ubao, lakini si kando ya dirisha lipigwalo na jua. Gwaride la mchana na mchezo wa saa saba si lazima kwake. Kama sheria ya shule yakataza kofia au yalazimisha mikono mifupi, sheria hiyo ilegezwe kwake. Mwalimu amruhusuye mtoto mmoja kuvaa kofia asidhani kwamba amevunja adabu ya shule. Amemwongezea mtoto yule miaka.

Jambo la tano ni kuwahi. Mtu mwenye ualbino atazamwe ngozi yote angalau mara moja kila miezi sita na mhudumu wa afya aliyefundishwa. Kidonda au kipele kisichopona kwa muda wa mwezi mmoja, au kinachotoka damu, au chenye ukoko urudio kila ukibanduliwa, kipelekwe hospitali upesi. Uasin Gishu si mahali pa kukosa msaada: hospitali ya Moi, ambayo mwanzo wake ni hospitali ndogo ya mwaka 1917, leo ni hospitali kuu ya rufaa kwa magharibi yote ya Kenya. Kipele kidogo hukatwa siku moja, na mgonjwa akarudi nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika habari ya uso wa mtu, ukuta wa namna hiyo ni mgumu kujengwa.

Mabwana na Mabibi, kesho asubuhi, katika nyumba moja ya kaunti hii, mama atamwamsha mtoto wake mwenye ualbino kwenda shule. Nje kutakuwa na baridi na mawingu, na mtoto atasema hakuna jua. Mama huyo amvike kofia.